Kujitolea, kuajiriwa au kukabidhiwa timu: ulinganisho kwa anayetaka kufanya kazi AFCON 2027 na kuwa karibu na wanamichezo

Tangu Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipotangaza mwezi Septemba 2023 kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, vijana wengi wa ukanda wetu wamekuwa wakiuliza maswali mawili wakidhani ni moja. La kwanza ni kazi gani italipa. La pili ni kazi gani itawakutanisha na wachezaji ana kwa ana. Anayeyachanganya maswali haya huishia kukata tamaa katikati ya mashindano, kwa sababu katika matukio makubwa ya kimataifa kazi inayolipa vizuri aghalabu iko mbali na mchezaji, na ile iliyo karibu naye imezungushiwa masharti yanayomzuia mtu hata kuomba picha.

Mashindano ya CHAN yaliyofanyika Agosti 2025 yalitupa mfano wa karibu. Timu kumi na tisa za wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao zilikuja kucheza katika viwanja vitano: Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Amaan huko Zanzibar, Kasarani na Nyayo jijini Nairobi, na Namboole karibu na Kampala. AFCON itakuwa na timu ishirini na nne, na safari hii watakuja pia wale tunaowatazama kwenye televisheni kila wikendi wakichezea klabu za Ulaya. Ulinzi utakuwa mkali zaidi, na kila mlango utakuwa na mtu anayesoma beji kabla ya kusoma sura.

Beji ndiyo inayoamua mambo. Kitambulisho cha ithibati hakisemi tu kwamba unafanya kazi kwenye mashindano. Kinaonyesha, kwa namba au kwa rangi, ni maeneo gani unaruhusiwa kukanyaga: uwanjani penyewe, vyumba vya kubadilishia nguo, jukwaa la wageni mashuhuri, chumba cha waandishi au mageti ya nje pekee. Watu wawili wanaweza kuvaa sare ileile, mmoja akawa anapishana na nahodha wa timu kila siku, mwingine akamaliza mwezi mzima bila kuona nyasi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mshahara, uliza beji itakufikisha wapi.

Njia ya kwanza na inayojulikana zaidi ni kujitolea. Duniani kote mashindano makubwa hayaendi bila watu wa aina hii: Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya Paris 2024 ilitumia wapatao 45,000, waliochaguliwa kutoka kwa waombaji zaidi ya 300,000, na Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilichukua 20,000 kutoka kwa waombaji zaidi ya 400,000. Ukizitazama namba hizo, utaona kwamba kukubaliwa ni jambo gumu hata pale ambapo hakuna mshahara. Anayejitolea hupewa sare, chakula cha siku ya zamu, mara nyingi usafiri wa ndani ya mji, na cheti mwishoni. Malazi na tiketi ya ndege kwa kawaida ni juu yake mwenyewe, na hapo ndipo vijana wetu wengi waliotamani Paris walipokwama: kulala kwa majuma mawili katika mji ule wakati wa Olimpiki kulihitaji fedha ambazo mtu aliyezoea kupokea posho ya nauli hana.

Mashindano yanapofanyika nyumbani hesabu hiyo hubadilika kabisa. Kijana wa Temeke anaweza kutoka kwao asubuhi, akafanya zamu Uwanja wa Benjamin Mkapa na kurudi kulala kwao. Lakini faida hiyo hufutika mara moja akipangiwa Hoima, nchini Uganda, au Nairobi, na anayejaza fomu bila kutaja mji anaoweza kumudu anajitegea mtego mwenyewe.

Udhaifu mkubwa wa kujitolea ni kwamba mara nyingi huchagui utakaposimama. Nilipojitolea mara ya kwanza nilipangwa kuwaongoza mashabiki katika ngazi za jukwaa moja, kazi ambayo humtaka mtu awatazame mashabiki na kuupa uwanja kisogo. Mabao yote ya siku ile niliyaona kwenye nyuso za watu. Nilimwona mzee mmoja akishika kichwa, nikajua tumefungwa, na sikuruhusiwa kugeuka kuthibitisha. Sijutii, ila nilikuwa nimewaahidi wadogo zangu picha na wachezaji, na sikurudi nayo. Waliobahatika zaidi siku zile walikuwa wale waliopangwa mapokezi ya uwanja wa ndege, hoteli za timu na eneo la mahojiano, mahali ambapo wachezaji hupita mbele ya waandishi wakielekea kwenye basi. Nao walikuwa na sababu ya kupangwa huko: karibu wote waliandika kwenye fomu kwamba wanajua Kifaransa au Kiarabu.

Njia ya pili ni kazi ya mkataba. Hapa pana ulinzi, upishi, usafi, udereva, ufungaji wa mahema na majukwaa ya muda, na kazi za ufundi wa matangazo kama vile kuvuta nyaya na kubeba vifaa vya kamera. Anayeitafuta aelewe kwamba mwajiri wake kwa kawaida hatakuwa CAF wala shirikisho la nchi. Atakuwa kampuni iliyopewa zabuni, na pengine kampuni nyingine iliyopewa kipande cha zabuni hiyo. Kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo malipo yanavyochelewa. Mkataba wa maandishi unapaswa kueleza saa za zamu, malipo ya saa za ziada, tarehe ya kulipwa, na nini kitatokea timu au mechi zikihamishwa. Mtu asitoe fedha yoyote ili apate kazi au nafasi ya kujitolea. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliokwenda Ghuba kutafuta kazi za ulinzi na hoteli walipitia kwa mawakala waliowatoza kwanza, wakafika wakiwa na deni kabla hawajapokea mshahara hata mmoja.

Kwa upande wa ukaribu, kazi nyingi za mkataba hazina chochote cha kujivunia. Mlinzi wa geti humwona mchezaji nyuma ya kioo cheusi cha basi. Wanaofaidi ni wachache: dereva wa timu, na wahudumu wa hoteli inakofikia. Mhudumu wa chumba cha chakula humwona mchezaji mara tatu kwa siku, akijua nani hali mboga na nani huomba chai usiku, lakini hoteli yenyewe humkataza kumsumbua mgeni, na anayekiuka hupoteza ajira ya kudumu kwa ajili ya picha ya sekunde moja. Hata hivyo kazi ya mkataba ina heshima yake, na wakati mwingine ina bahati isiyotarajiwa. Mjini Doha mwaka 2022 kijana mmoja wa Kenya aliyeajiriwa kuwaelekeza mashabiki kwenye kituo cha treni aliketi juu ya kiti kirefu karibu na Souq Waqif, akawa anatangaza njia ya kwenda kituoni kwa mdundo ambao umati uliupokea na kuuitikia. Baada ya siku chache alijulikana duniani, na akaalikwa kwenye Uwanja wa Al Bayt siku Uingereza ilipocheza na Marekani. Aliyemfikisha huko hakuwa mchezaji yeyote; ni mashabiki.

Njia ya tatu ndiyo ambayo ningemshauri mtu mwenye subira na lugha aifikirie kwa uzito: kuwa mratibu wa timu, yaani mtu anayekabidhiwa timu moja tangu inaposhuka kwenye ndege hadi inapoondoka. Baadhi ya watu humwita kiungo wa timu, jina ambalo huleta vichekesho kwa sababu kila timu inayo viungo wake tayari, nao wanalipwa zaidi. Mratibu hukaa hoteli moja na timu, hupanga saa za mazoezi na basi, hutafuta barafu usiku wa manane, humpeleka daktari wa timu kwenye duka la dawa, huhakikisha chakula ni halali kwa wanaohitaji, na hujibu maswali mia ya benchi la ufundi. Humo ndimo kuchanganyika na wanamichezo kunakokuwa kwa kweli, kwa kuwa baada ya siku tatu wachezaji hukuita kwa jina lako, na wewe hujaomba lolote.

Sifa inayopima zaidi hapa ni lugha. Tazama makundi ya CHAN yalivyopangwa. Dar es Salaam ilipokea Madagascar, Mauritania, Burkina Faso na Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi ambazo kocha wake atakuelewa upesi zaidi ukizungumza Kifaransa kuliko Kiingereza chako cha sekondari. Zanzibar ilipokea Senegal, Kongo ya Brazzaville, Sudan na Nigeria, na kwa Wasudani Kiarabu kilichojifunzwa madrasa na kuendelezwa kilikuwa mtaji. Nairobi ilipokea Morocco, Zambia, Angola inayozungumza Kireno, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Timu hii ya mwisho ina jambo la pekee kwetu: mchezaji aliyekulia Lubumbashi, mji wa TP Mazembe, au Goma, anazungumza Kiswahili, ingawa si hiki cha magazeti yetu, na mratibu anayeweza kukipokea bila kukicheka huwa amefungua mlango ambao Kifaransa kizuri peke yake hakiufungui.

Ugumu wake nao usifichwe. Kwanza, muda wako unategemea miguu ya wengine, kwa sababu timu ikitolewa hatua ya makundi kazi imekwisha, na ikisonga mbele huna usingizi. Sudan, ambayo wachache waliitarajia, ilianzia Zanzibar, ikacheza nusu fainali Dar es Salaam na kumalizia Namboole kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Pili, nafasi ni chache mno, kwani hata kwa timu ishirini na nne wanahitajika watu wa kuhesabika. Tatu, na hili ndilo zito, mratibu hujua mambo ambayo watu wengine wangeyalipia. Akiona mshambuliaji amechechemea mazoezini jana jioni, taarifa hiyo ni ya ndani. Katika nchi ambamo kila kijiwe kina mtu anayetengeneza mkeka, kumnong'oneza binamu yako kwamba fulani hatacheza ni kosa linaloweza kukufungia nje ya michezo, hata kama hukupokea senti. Wenye ithibati kwa kawaida hukatazwa kubeti kwenye mashindano wanayofanyia kazi na kutoa taarifa za aina hiyo. Asiyeweza kukaa na siri kwa mwezi mmoja achague geti.

Ipo pia kazi ambayo watu wengi hawaijui, nayo ina ukaribu wa ajabu kuliko zote: kumsindikiza mwanamichezo aliyechaguliwa kupimwa dawa za kusisimua misuli. Msindikizaji humfuata mwanamichezo mara tu anapomaliza kushindana, humjulisha rasmi kwamba amechaguliwa, humsainisha fomu, kisha hamwachi machoni pake hadi anapomkabidhi kwenye kituo cha vipimo. Mwanamichezo ana haki ya kupokea medali, kufanya mahojiano, kupoza mwili na kutafuta mwakilishi au mkalimani, na muda wote huo msindikizaji yupo hatua chache nyuma yake. Sampuli ya mkojo inatakiwa kufika angalau mililita 90, na mtu aliyetoka kukimbia juani akiwa amekaukiwa maji anaweza kuketi saa nzima akinywa chupa baada ya chupa. Unaweza kujikuta umekaa na bingwa wa dunia kwenye kiti cha plastiki, nyote mkisubiri mkojo. Huombi saini, hupigi picha, humpi kinywaji kutoka mkononi mwako, wala hujadili alichokula. Anayetaka kazi hii hupitia mafunzo, na nchini Kenya mlango wake uko kwa Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli la Kenya, ADAK, lililoundwa mwaka 2016. Kwa mtu anayetaka kuona mwanamichezo bila pambo lolote, sijui kazi inayoishinda hii. Kwa mtu anayetaka kuonyesha marafiki, haina faida hata chembe.

Hadi hapa nimezungumzia soka kwa sababu ndiyo inayokuja, lakini anayechagua kati ya kazi achague pia kati ya michezo. Soka huwafunga wachezaji ndani ya makundi yao: hoteli, basi, chumba, uwanja, basi. Riadha ni wazi zaidi. Kasarani ilipoandaa mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 18 mwaka 2017, na ya chini ya miaka 20 mwaka 2021, wanariadha wa mataifa mengi walikutana katika uwanja mmoja wa kupasha misuli moto. Kuna kazi moja ndogo katika riadha ambayo naipenda mno, ya kubeba vikapu. Kabla ya mbio mkimbiaji huvua suti yake ya mazoezi, huitia kwenye kikapu, na mtu wa kujitolea hukipeleka upande wa pili ambako atakikuta akimaliza. Anayebeba kikapu husimama nyuma ya mstari wa kuanzia, mahali ambapo hata waandishi hawafiki, na huusikia ukimya ule kabla ya bastola kulia. Septemba 2021, Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 katika Kip Keino Classic pale Kasarani na kuweka rekodi ya Afrika, kuna watu waliomtazama kutoka umbali wa hatua chache bila kulipa tiketi.

Mbio za baiskeli zina tabia tofauti. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya barabarani mwezi Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika Afrika, kazi nyingi zilikuwa za kusimama njiani kuzuia watu wasivuke. Mwendesha baiskeli hupita kama upepo, lakini hupita tena na tena kwenye mzunguko uleule, na kwenye kilima chenye mawe kama Kimihurura hata Tadej Pogačar, aliyeshinda, alilazimika kupunguza mwendo kiasi cha mtu kumwona akihema. Marathoni, kama ile ya Kilimanjaro inayofanyika Moshi kila mwaka, ziko katikati: kwenye meza ya maji unamwona kiongozi wa mbio kwa kufumba na kufumbua, lakini baada ya mstari wa mwisho uzio ni mfupi, walinzi ni wachache, na mshindi anaweza kuwa ameketi kwenye nyasi akivua viatu karibu na ulipoweka mfuko wako. Kwa wanaotamani mazungumzo kuliko tukio, mbio za mikoani zinazidi AFCON kwa mbali, na nasema hivyo nikijua wengi hawatakubali.

Yapo mashindano ambayo ukaribu wenyewe unahitaji tahadhari zaidi, yale ya watoto. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, ikiwa ni tukio la kwanza la Olimpiki katika ardhi ya Afrika, na washindani wake hawazidi miaka 17. Anayefanya kazi huko hakai faragha na mshindani, habadilishani naye namba za simu, wala hampigi picha kwa matumizi yake mwenyewe. Kwa Mswahili anayezungumza Kifaransa na anayeweza kujigharimia safari ya Senegal, ni shule nzuri kabla ya 2027. Kwa asiye na Kifaransa, gharama hiyo haina maana.

Kwa hiyo, kama mtu ana familia inayomtegemea, nisingemshauri ajitolee kwa mwezi mzima. Atafute mkataba wa hoteli au udereva mapema, kwa kuwa hoteli huajiri watu wake kabla timu hazijajulikana. Mwanafunzi wa chuo anayehitaji cheti na watu wa kumtambulisha baadaye kwenye kazi za matukio anufaike na kujitolea, ila aandike kwenye fomu ujuzi mahususi, kama huduma ya kwanza, ukalimani au kompyuta, badala ya kuandika kwamba anapenda soka, kwa sababu hilo limeandikwa na kila mtu. Muuguzi au mtaalamu wa viungo vya mwili asijitolee kama mwongoza mashabiki. Kwa taaluma yake anaweza kupangwa kwenye timu ya madaktari iliyo pembeni mwa uwanja. Na mwenye lugha asubiri uratibu wa timu, huku akijitolea kwenye mashindano madogo ya shirikisho lake ili jina lake liwe limeonekana, kwani waratibu mara nyingi huchaguliwa miongoni mwa watu ambao wenyeji wamekwisha kuwaona wakifanya kazi.

Maandalizi ya makaratasi hayana utamu lakini huwaangusha wengi. Kitambulisho cha taifa kiwe hai na jina lilingane na lile la cheti cha shule herufi kwa herufi, kwa sababu ukaguzi wa usalama wa ithibati hauna huruma kwa mtu anayeitwa Mohamed huku na Muhammad kule. Umri wa chini mara nyingi ni miaka 18. Pasi ya kusafiria ni muhimu kwa anayetaka kupangwa nchi zaidi ya moja kati ya hizi tatu, na cheti cha kutokuwa na makosa ya jinai huchukua muda kupatikana. Lugha huchukua muda zaidi. Mtu akianza Kifaransa au Kireno leo, kwa saa moja kila siku, atafika 2027 akiweza kumuuliza kocha basi liondoke saa ngapi na kuelewa jibu. Droo ikishapangwa na Angola ikaangukia mjini kwenu, muda wa kuanza kujifunza utakuwa umepita, na kamati itakuwa inamtafuta yule aliyeanza mapema.